Mali kauli ya Dzaleka na simu isiyozimwa

Kariakoo wanaiita mali kauli. Mwenye stoo anamkabidhi mchuuzi mzigo bila kupokea hata shilingi, wanakubaliana siku ya kuleta fedha, na kinachobaki mkononi mwa mwenye mzigo ni neno tu. Hakuna hati ya kiwanja wala mdhamini, na mara nyingi hata risiti haipo. Lilongwe jambo hilohilo ni ngongole, na Mkongomani wa Dzaleka atasema tu kwamba amechukua kwa deni. Majina ni matatu, biashara ni moja, na ni vigumu kupata mahali pengine katika ukanda huu ambapo neno la mtu linabebeshwa mzigo mzito kama kwenye barabara ile ya kilomita 40 na ushei kati ya Lilongwe na Dzaleka.

Dzaleka ni kambi ya wakimbizi katika wilaya ya Dowa, kaskazini mwa Lilongwe. Ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza wakati wa utawala wa Rais Kamuzu Banda. Ilikusudiwa watu kama 10,000 hadi 12,000. Leo inao zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, pamoja na Wasomali na Waethiopia. Sokoni Kiswahili ndicho kinachompokea mgeni, cha Uvira, cha Bukavu na cha Bujumbura, vyote vikielewana. Wanavijiji wa Dowa nao huja pale kununua, kwa hiyo muuza duka wa Dzaleka analazimika kujua na Kichewa cha kuulizia bei na cha kudai deni.

Ramani ya jumuiya za kikanda inachekesha ikiwekwa juu ya soko hilo. Wengi wa wauzaji wametoka nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wanaishi Malawi, ambayo iko SADC na COMESA lakini haimo Afrika Mashariki. Sehemu ya bidhaa zao inatoka Tanzania, ambayo ilijitoa COMESA mwaka 2000. Muuza vitenge mmoja anaguswa na jumuiya tatu, na siku akidhulumiwa hakuna hata moja yenye dirisha la kumsikiliza.

Hilo si neno la chumvi. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 hapo mwaka 1987, lakini ikajiwekea tahadhari kwenye vifungu kadhaa, vikiwemo vya ajira ya mshahara, mali na mahali pa kuishi. Kwa sheria na kwa desturi, mkimbizi anatakiwa kukaa kambini na kutoka kwa kibali. Hana ardhi ya kuweka rehani. Akidaiwa, ni vigumu kumkamata mali. Akidai, ni vigumu kwenda mahakamani kwa ajili ya gunia la sukari. Mwenye duka la jumla pale Area 2, Lilongwe, anayajua hayo yote. Bado anampa mzigo.

Kwa nini anampa ni swali linalostahili kuulizwa na kila anayevuka Kasumulu, Tunduma au Mutukula na bidhaa za watu.

Jibu si kwamba wakimbizi ni waaminifu kuliko wengine. Wapo waliochukua mzigo wakaingia mitini, kama walivyo Kariakoo, Gikomba na Owino. Jibu ni dogo zaidi. Mwenye stoo anamjua mchuuzi wake kwa sura na kwa jina, na anakumbuka alifanya nini mara ya mwisho mambo yalipoharibika. Siku mzigo ukifika mzima na soko likiwa zuri, kila mtu ni mwaminifu. Mteja hajifunzi kitu siku hiyo. Anajifunza siku gunia linapolowa.

Chukulia mchele wa Kyela. Lori linavuka mto Songwe, linapita Karonga na Mzuzu, linateremka barabara kuu ya M1 hadi Lilongwe, safari ya mamia ya kilomita. Ni masika, turubai limechanika, na magunia 3 kati ya 30 yamelowa. Mwenye mzigo ana njia tatu. Anaweza kuuanika ule mchele na kuuchanganya na mzuri, kilo mbili hapa, kilo mbili pale, asijue mtu. Anaweza kuukabidhi kama ulivyo, akae kimya, na mteja akirudi akalaumu mvua, dereva na forodha. Au anaweza kupiga simu kabla lori halijashusha.

"Achimwene, mzigo umefika ila magunia matatu yamelowa. Nimeyatenga. Njoo uyaone, hayo usiyalipe."

Simu hiyo ina gharama, na ni uongo kuwaambia wafanyabiashara kwamba haina. Magunia matatu katika thelathini ni sehemu ya kumi ya mzigo, na katika safari nyingi faida yote ya mchuuzi mdogo haizidi sana hapo. Amefanya kazi wiki nzima bure. Lakini kuna alichonunua. Safari ijayo mteja yule atahesabu magunia bila kuyafungua. Atalipa siku hiyo badala ya kusema "ngoja niuze kwanza nione". Muda wa kukagua, muda wa kubishana na muda wa kungoja fedha vyote vimefupishwa, na katika biashara ya mpakani, ambako kila siku ya kulala njiani ina malipo ya gesti na ya mlinzi wa lori, muda huo unahesabika kwa noti.

Aliyechanganya mchele naye amepata kitu: faida ya safari moja. Mchele wa Kyela unajua habari hiyo. Jina lake lilikuwa kubwa kiasi kwamba watu walianza kuuza chini yake mchele wa kila mahali, na leo mnunuzi wa Dar es Salaam akiambiwa "huu ni Kyela" anaunusa kwanza. Wakulima wa Kyela hawakufanya kosa lolote. Jina lao limeliwa na watu wa katikati ambao hakuna anayeweza kuwataja. (Ng'ambo ya pili ya mto, Karonga, unalimwa mchele wa kunukia unaoitwa Kilombero, jina la bonde la Tanzania. Mbegu na majina huvuka mpaka bila kibali.)

Watu wa katikati wasiotajika ndio kiini cha tatizo. Kariakoo kuna mawinga, wanaomshika mteja mlangoni, wanamtafutia bidhaa duka la jirani, wanaongeza chao juu na kupotea. Wengi wao ni vijana wachapakazi na bila wao mgeni kutoka Lubumbashi au Lilongwe angezunguka mchana kutwa. Lakini bidhaa ikiwa mbovu, mteja anakuta watu watatu wanaonyoosheana vidole. Winga anasema yeye alisindikiza tu, mwenye duka anasema hakumuuzia yeye, mwenye stoo yuko Guangzhou. Wahenga walisema biashara haigombi, na ni kweli, lakini haigombi pale ambapo kuna mtu wa kugombana naye.

Dzaleka hakuna pa kujificha hivyo. Kambi ni ndogo kwa idadi ya watu wake, majirani wanajuana kwa kanisa, kwa msikiti, kwa kijiji walikotoka, na muuzaji wa kibanda hana mji mwingine wa kuhamia kirahisi. Ubanwaji huo ni dhuluma kwa maisha ya mtu, hakuna sababu ya kuusifu. Ila umezaa tabia moja ya biashara ambayo matajiri wa mjini wameisahau: aliyekuuzia ndiye atakayejibu.

Tabia hiyo ilipimwa vibaya mno Novemba 2023. Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha kwa mara nyingine baada ya ile ya asilimia 25 ya Mei 2022. Dola iliyokuwa kama kwacha 1,180 kwa bei rasmi ikawa 1,700. Ndiyo asilimia 44 iliyotangazwa. Mfanyabiashara aliyekuwa amepokea kwacha 1,180,000 za mteja ili akamletee bidhaa kutoka Dar es Salaam alilala na dola 1,000 akaamka na dola 694. Kwa bei ya mtaani, ambako dola ilikuwa ghali tayari, hesabu ilikuwa tofauti, lakini aliyeshika fedha ya mtu alitetemeka vilevile.

Hapo ndipo simu zinapozimwa. Kila mfanyabiashara wa mpakani amewahi kupiga namba ya mtu anayemdai au aliyemtumia fedha, akaambiwa na sauti ya mwanamke kwamba namba haipatikani. Anayezima si lazima awe tapeli. Mara nyingi ni mtu mwenye aibu, anayesema moyoni kwamba atawasha akipata jibu zuri. Jibu zuri haliji, siku zinapita, na deni la fedha linageuka kuwa kesi ya tabia.

Asiyezima anaweza kusema maneno machache tu: "Bambo, fedha yako ninayo yote, lakini haitoshi tena mzigo tuliokubaliana. Nikurudishie leo, nilete pungufu, au tugawane hasara?" Mteja hatafurahi. Lakini amepewa uchaguzi wakati fedha ingali na thamani fulani, badala ya kupewa maelezo baada ya mwezi.

Kuna sehemu ngumu zaidi ya hapo, na ndiyo ambayo makongamano ya ujasiriamali hayaigusi. Mchuuzi hakuishusha kwacha. Hana kosa kwa hilo, na uwajibikaji hauna maana ya kubeba makosa ya Benki Kuu. Lakini ikiwa aliahidi kuagiza mzigo siku ileile aliyopokea fedha, kisha akakaa nayo wiki mbili akizungushia biashara yake nyingine, basi sehemu ya hasara ni yake. Mteja hajui. Hana namna ya kujua. Kauli ya "nilichelewa, nilitumia fedha yako kwingine, kwa hiyo tofauti hii ninaifidia mimi" ndiyo inayotenganisha mfanyabiashara na msimulizi wa matatizo ya nchi. Ni kauli inayouma, na wengi wa wanaohubiri uaminifu hawajawahi kuitamka.

Mwaka 2025 ulileta mtihani wa aina hiyohiyo. Machi, Malawi ilizuia uingizaji wa baadhi ya mazao, mchele, unga, ndizi na tangawizi yakiwemo. Aprili, Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini. Mwanzoni mwa Mei mazungumzo yakaondoa zuio la Tanzania. Kwa serikali ilikuwa wiki ya barua na mikutano. Kwa aliyekuwa na ndizi ndani ya gari ilikuwa wiki ya kuoza. Sababu ilikuwa ya kweli na kila mteja aliisikia redioni, ndiyo maana ilikuwa rahisi kwa kila aliyechelewa kwa uzembe wake mwenyewe kujificha nyuma ya zuio. Mteja mwenye akili alihesabu tarehe.

Turudi kwenye daftari, kwa sababu Dzaleka biashara ya rejareja inaishi humo. Msaada wa chakula wa WFP siku hizi unatolewa kwa fedha, na umekatwa mara kwa mara wahisani walipopunguza mchango. Fedha inaisha kabla ya mwezi. Kuanzia hapo familia inakula kwa daftari la muuza duka: unga, mafuta, sabuni, chumvi, mpaka fedha nyingine ije. Kukopa harusi, kulipa matanga, na matanga hayo huja kila mwezi.

Muuza duka ana nguvu kubwa juu ya mteja wa namna hiyo, na nguvu hiyo inaweza kutumika kwa njia mbili. Kakuma, kaskazini magharibi mwa Kenya, watafiti waliwakuta wenye maduka wakishikilia kadi za benki za wakimbizi kama rehani ya chakula walichokopesha. Mwenye kadi hawezi kwenda duka la bei nafuu, hawezi kujua kilichotolewa kwenye akaunti yake, na bei anaambiwa baadaye. Muuzaji anayefanya hivyo atasema wateja wake ni waaminifu kwake, hawahami. Hawahami kwa sababu wamefungwa.

Njia ya pili inahitaji kalamu tu. Daftari ni mbili, moja ya duka na moja ya mteja, na kila kinachochukuliwa kinaandikwa kote kuwili kwa bei ya siku hiyo. Bei ya siku hiyo ndiyo vita yenyewe. Sarafu ikianguka, kishawishi cha kudai kwa bei ya leo sukari iliyokopwa kwa bei ya jana ni kikubwa, na muuzaji ana hoja, maana yeye naye anakwenda kununua stoki mpya Lilongwe kwa bei mpya. Kama anataka kujikinga, aongeze kidogo siku ya kukopesha na amwambie mama mwenye nyumba waziwazi kwamba deni lina nyongeza kiasi hiki. Atachukua au ataacha. Asichoweza kufanya ni kubadilisha namba baada ya unga kuliwa.

Na wateja nao wasitakaswe. Yupo anayedai gunia lilipungua kilo tano ambazo yeye mwenyewe alizitoa. Yupo anayesikia muuzaji amekiri kosa moja akaona amepata ng'ombe wa kukamua. Muuzaji anayekiri kila anachotuhumiwa atafunga duka, na familia yake itakula uaminifu. Kinachomlinda ni kupima mbele ya mteja, kwa mizani ileile kila siku, na kuandika. Malalamiko ya mizani iliyochezewa yanasikika Malawi kila msimu wa karanga na soya, kama yanavyosikika ya lumbesa upande wa Tanzania, na mwenye kipimo cha haki huchoka kulipia dhambi za jirani. Lakini huyohuyo, siku anapobishana na mteja, ana cha kuonyesha.

Sasa lipo jambo ambalo tabia njema ya mchuuzi haiwezi kulitibu, nalo linahusu serikali.

Machi 27, 2023 serikali ya Malawi iliamuru wakimbizi wote wanaoishi mijini na vijijini warudi Dzaleka ifikapo Aprili 15. Zilikuwa siku 19. Katikati ya Mei polisi na askari waliingia mitaani Lilongwe, mamia ya watu wakakamatwa, watoto wakiwemo, wengine wakapitia gereza la Maula kabla ya kupelekwa kambini. Maduka yalifungwa. Mashirika ya haki za binadamu yaliandika habari za mali kuporwa na watu kubakia na nguo walizovaa.

Mjadala ukawa wa pande mbili. Upande mmoja ulizungumzia haki za wakimbizi na hali ya kambi iliyojaa kupita kiasi. Upande mwingine ulizungumzia usalama, na malalamiko ya wafanyabiashara wadogo wa Malawi kwamba wageni wamechukua rejareja hadi vijijini, eneo ambalo sheria ya leseni ya mwaka 2012 iliwahifadhia wazawa. Malalamiko hayo si ya kubuni, na anayeyadharau hajawahi kukaa nyuma ya meza ya nyanya siku nzima bila mteja.

Upande wa daftari haukuzungumzwa na yeyote. Nyuma ya kila duka lililofungwa kulikuwa na orodha mbili: ya mwenye stoo wa mjini anayedai, na ya wateja wa mtaani wanaodaiwa. Zote mbili zilipoteza anwani. Mwenye stoo, ambaye ni raia wa Malawi na mlipa kodi wa Malawi, aliamka akiwa na mali kauli kwa mtu aliyeko nyuma ya kizuizi. Mteja aliyeacha fedha ya awali kwa fundi cherehani Mrundi hakujua amfuate wapi. Na mkimbizi aliyekuwa akilipa kila Ijumaa kwa miaka mingi akahesabiwa sawa na aliyekimbia, kwa sababu wote wawili hawakuonekana Ijumaa hiyo. Jina lililojengwa kwa simu moja baada ya nyingine lilibomolewa kwa tangazo. Hakuna aliyeihesabu hasara hiyo katika kitabu chochote, kwa sababu mali kauli haina kitabu.

Amri za namna hiyo zina matokeo mengine ya polepole. Mtu anayekatazwa kufanya biashara kwa jina lake haachi kula. Anatafuta raia wa kumkopesha jina. Leseni inakuwa ya mwenyeji, mtaji wa mgeni, na ukutani panatundikwa cheti cha mtu ambaye huja mara moja kwa mwezi kuchukua chake. Mteja akirudi na redio mbovu, aliyemuuzia anasema duka si lake, na mwenye leseni anasema hakuuza yeye. Ni winga tena, safari hii winga aliyetengenezwa na sheria. Wenye mamlaka wanaolalamika kwamba wageni hawawajibiki wangeanza kwa kujiuliza nani amewafundisha kufanya kazi bila majina.

Malawi haiko peke yake. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara 15, zikiwemo uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu na saluni, na mzawa anayemsaidia mgeni kuzifanya naye akawekewa adhabu. Kenya ililalamika kwa hoja ya soko la pamoja. Nia ya kumlinda mwananchi inaeleweka. Lakini kati ya kumzuia mgeni na kumwacha huru ipo njia ya tatu ambayo haikujadiliwa vya kutosha, nayo ni kumtaka afanye kwa jina lake, alipe kodi kwa jina lake na alaumiwe kwa jina lake. Mwenyeji anayeshindana na mtu mwenye jina anashindana na bei na huduma. Anayeshindana na kivuli hana cha kushika.

Mfano wa kujifunzia haupo Ulaya. Upo Kanengo, eneo la viwanda kaskazini mwa Lilongwe, kwenye soko la mnada wa tumbaku. Mkulima wa tumbaku wa Malawi anasajiliwa na anapewa namba, na robota lake linafika mnadani likiwa na tiketi yenye namba hiyo. Wizi wa zamani wa zao hilo ni kuficha jani bovu, au hata kitu kisicho tumbaku, katikati ya robota lenye jani zuri nje. Mnunuzi akilikuta, robota linakataliwa, na kwa kuwa lina namba, linarudi kwa mtu fulani, wa kijiji fulani, mwenye uso. Wizi haukwisha. Ila mkulima wa Kasungu aliyepanga majani yake vizuri halipi kwa niaba ya aliyeficha uchafu, na mnunuzi hana haja ya kumdharau kila mtu wa Kasungu.

Mchuuzi wa Dzaleka anahitaji kitu cha namna hiyo, na si kikubwa: usajili wa biashara ndogo unaomtambua kwa kitambulisho chake cha ukimbizi, kibali cha kutoka kambini chenye muda wa kutosha kwenda kununua na kulipa madeni mjini, na kamati ya soko yenye Wamalawi na wakimbizi ndani yake inayoweza kusikiliza kesi ya gunia moja bila wakili. Benki moja ya kibiashara ilikwishafungua tawi ndani ya kambi na kuwahudumia wakimbizi kwa majina yao. Iliona wateja pale ambapo wengine waliona mzigo. SADC imekifanya Kiswahili lugha yake rasmi tangu mkutano wa Dar es Salaam wa Agosti 2019, kwa hiyo hata fomu ya kamati hiyo ina lugha ya kuandikiwa.

Mpaka hayo yatokee, biashara inaendelea kwa neno. Matola linatoka Lilongwe likiwa limejaa, mafuta ya kupikia chini, marobota ya vitenge juu, wenye mizigo wamekaa juu ya mizigo yao na simu mkononi. Linapita Kanengo, jirani na maghala ambamo kila robota la tumbaku lina namba ya mwenyewe, kisha linashika njia ya Dowa.